Mwalimu, chagua umri kwa makosa yake

Mwanafunzi ameulizwa ipi kubwa kati ya 0.35 na 0.4. Ameandika 0.35. Wape walimu watatu daftari hilo. Wa kwanza ataweka kosa na kufungua ukurasa unaofuata. Wa pili atashusha pumzi na kusema watoto wa siku hizi hawasikilizi, maana somo hili amelifundisha jana tu. Wa tatu atasita, kalamu mkononi, ajiulize: huyu ameona nini hata akafika hapa? Akitulia kidogo atagundua kwamba mtoto hakubahatisha. Ameitazama 35, ameitazama 4, kisha ametumia kanuni ambayo haijawahi kumwangusha tangu aanze kuhesabu: tarakimu zikiwa nyingi, namba ni kubwa. Basi mwalimu huyo wa tatu ataandika chini ya jibu, "Na 0.4 na 0.400 je?", na kesho yake atawahi darasani kwa hamu ya kuona ameandikiwa nini.

Nimeanza na daftari hilo kwa sababu kuna swali ambalo walimu tarajali huulizana kila wanapofika mahali pa kujaza fomu: nifundishe wanafunzi wa umri gani? Wa awali, wa msingi, vijana wa sekondari, au watu wazima? Majibu ninayoyasikia mara nyingi huangukia pande mbili. Upande mmoja ni mapenzi: "Mimi nawapenda watoto." Upande wa pili ni hadhi: "Nimesoma miaka yote hii, siwezi kwenda kuimbisha a, e, i, o, u." Naamini pande zote mbili zinawapoteza watu, na zinawapotezea wanafunzi walimu wazuri.

Mtu anaweza kuwapenda watoto kwa moyo wote na bado akachoka roho ifikapo Jumanne, kwa sababu mtoto wa 38 amechanganya b na d na yeye haoni cha kufikiri katika kosa hilo, anaona usumbufu tu. Mapenzi ya jumla kwa watoto hayamsaidii saa hiyo. Kinachomsaidia ni udadisi. Kila umri una namna yake ya kutoelewa, na mwalimu anaishi na namna hiyo moja asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka, kundi likiondoka na jingine likija na makosa yaleyale mapya kabisa kwao. Kwa hiyo swali ambalo ningependa kila mwalimu tarajali ajiulize kabla ya kujaza fomu ni hili: makosa ya umri gani yananifanya nitake kujua zaidi?

Tuwachukue wadogo kwanza, kwa kuwa ndio wanaodhaniwa kuwa rahisi.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alitumia miaka mingi kusikiliza majibu mabaya ya watoto. Jaribio lake linalojulikana zaidi halihitaji maabara. Unamimina maji kutoka chombo kifupi kipana kwenda chombo kirefu chembamba, mtoto akiwa anatazama. Ukimuuliza mtoto wa miaka mitano kama maji yameongezeka, wengi watasema ndiyo, yameongezeka. Unaweza kuyarudisha mbele ya macho yake, ukayamimina tena, na bado akasema hivyohivyo. Kwa maelezo ya Piaget, mtoto aliye kati ya miaka 2 na 7 hivi hukamatwa na jambo moja linaloonekana, hapa kimo, na bado hawezi kulipima pamoja na la pili, yaani upana.

Hadithi ingeishia hapo, mwalimu wa wadogo angekuwa mlinzi tu anayesubiri akili zikue. Haikuishia hapo. Katikati ya miaka ya 1970, watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson walirudia jaribio la jamaa moja na hilo. Walipanga safu mbili za vitu zenye idadi sawa. Mtu mzima alipoitanua safu moja kwa makusudi na kuuliza tena kama idadi ni sawa, watoto wengi walisema ile ndefu ina vingi. Lakini mwanasesere dubu "mtundu" alipokuja na kuivuruga safu, kana kwamba ni ajali, watoto wengi zaidi walijibu sawasawa. Vitu ni vilevile, watoto ni wa umri uleule. Kilichobadilika ni maana ya swali. Mtu mzima akigusa kitu kwa makusudi kisha akakuuliza jambo alilokwisha kukuuliza, mtoto mwenye akili anahisi kuna sababu. Labda jibu la kwanza halikuwa sahihi. Mtoto alikuwa anamsoma mtu mzima huku mtu mzima akidhani anamsoma mtoto.

Hebu tafakari uzito wa jambo hilo kwa anayefundisha umri huu. "Una uhakika?" ukimwambia mtu mzima, ni mwaliko wa kufikiri. Ukimwambia mtoto wa miaka mitano, umemwambia amekosea. Sehemu ya makosa yanayoonekana darasani mwa wadogo yametengenezwa na maswali yetu wenyewe, na anayefundisha hapo anahitaji kuwa mtu anayefurahia kuligeuza swali moja mara nne, akibadilisha neno, akibadilisha kitu kilichopo mezani, akinyamaza mahali pengine. Hata lile la b na d lina kisa chake. Kwa miaka mitano mtoto amejifunza, na amejifunza sawa, kwamba kikombe ni kikombe mpini ukielekea kushoto au kulia. Leo anakutana na umbo linalobadilika jina kwa sababu tu limegeuka upande. Hakuna kitu kingine maishani mwake kilichowahi kufanya hivyo. Anayeliona hilo hawezi kumkasirikia.

Kazi hii ya akili haionekani, kwa sababu hufanyika sakafuni, katikati ya vijiti na vizibo, na kwa sababu aliyepita dirishani anasikia nyimbo tu. Najua hivyo kwa sababu nami nilipita dirishani kwa miaka kadhaa. Nilianza na vijana. Nilitaka kuzungumza hisabati, na niliamini hisabati inaanzia kwenye aljebra. Nilipohamishiwa madarasa ya chini kwa mihula miwili niliona nimeshushwa. Wiki ya tatu msichana mmoja aliniambia kwamba kuna namba kati ya 7 na 8 lakini "hazina majina". Nilirudi nyumbani nikiwa na andalio la somo la kesho ambalo halifai tena, na nilifurahi kama ambavyo sikuwa nimefurahi kazini kwa muda mrefu.

Kisa hicho kilinifundisha jambo kuhusu umri wa kati, wa miaka kama 7 hadi 11. Huu ni umri wa kanuni. Mtoto amekwisha kutoka kwenye kimo na upana, sasa ana sheria mkononi na anazitumia kila mahali, hata pasipostahili: kuzidisha hukuza, kugawanya hupunguza, tarakimu nyingi ndiyo namba kubwa. Makosa ya hapa ni makosa ya mtu mwadilifu anayefuata sheria kupita mpaka wake. Kuyasahihisha kunamtaka mwalimu ajue sheria inaishia wapi na kwa nini, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba wao wenyewe hawajui.

Mwaka 1999 mtafiti Liping Ma alichapisha ulinganisho wa walimu wa shule za msingi, 23 wa Marekani na 72 wa China. Moja ya kazi alizowapa ilikuwa kugawanya 1¾ kwa ½, kisha kutunga hadithi inayoonesha maana ya hesabu hiyo. Kati ya Wamarekani 21 waliojaribu hesabu, 9 ndio waliofika mwisho sawasawa. Wachina wote 72 walipata. Kwenye hadithi pengo lilikuwa kubwa zaidi: Mmarekani mmoja tu kati ya 23 alitunga hadithi iliyobeba maana sahihi, na Wachina wapatao tisa kati ya kila kumi waliweza. Kosa lililojirudia lilikuwa kuchanganya kugawanya kwa ½ na kugawanya katika sehemu mbili sawa, yaani kugawa kwa 2. Jaribu mwenyewe. Una kamba ya mita 1¾ na unakata vipande vya nusu mita: unapata vipande vitatu na nusu. Jibu limekuwa kubwa kuliko namba uliyoanza nayo, na ile sheria ya "kugawanya hupunguza" imevunjika mbele ya mtoto. Je, unaweza kumweleza ilipovunjikia?

Kuna kipande cha utafiti huo ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Walimu wale wa China walikuwa wamesoma miaka michache shuleni na chuoni kuliko wenzao wa Marekani. Wengi walikuwa wamemaliza miaka tisa tu ya shule na kuongeza miaka miwili au mitatu ya mafunzo ya ualimu, wakati Wamarekani walikuwa na shahada. Walichokuwa nacho ni uelewa mzito wa hisabati ndogo, uliojengwa kwa kuyafundisha mambo hayohayo na kuyajadili na wenzao. Anayesema "nimesoma sana kwa kazi ya madarasa ya chini" anachanganya kimo na upana, sawa na yule mtoto wa maji.

Ngazi ya hadhi, hata hivyo, haiko vichwani mwetu tu. Imeandikwa kwenye hati za mishahara. Katika nchi nyingi, anayefundisha awali hulipwa chini ya anayefundisha sekondari ya juu, na pengo hilo linaendana na jambo jingine: katika nchi wanachama wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, wanawake ni zaidi ya asilimia 90 ya walimu wa awali na zaidi ya asilimia 80 ya walimu wa msingi, lakini ni chini ya nusu ya wahadhiri wa elimu ya juu. Watu huyaeleza hayo kwa kusema mwanamke amezaliwa na kipaji cha watoto. Kauli hiyo naichukia, na sababu zangu ni mbili. Inamsukuma binti mwenye jicho kali la fizikia kwenda chekechea bila kuulizwa, na inamzuia kijana wa kiume mwenye subira ya ajabu kwa watoto wa miaka minne, ambaye akionekana hapo watu wanaanza kumtilia shaka. Mbaya zaidi, inafuta ujuzi. Kazi ikishaitwa silika, nani ataona haja ya kuilipia mafunzo? Finland ilikata shauri jingine: tangu mageuzi ya mwaka 1979, mwalimu wa darasa wa shule ya msingi hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Waliukubali ugumu wa kazi hiyo kwa maandishi.

Vijana ni habari nyingine kabisa. Kosa la mtoto wa miaka minane liko mezani, unaliona. Kosa la kijana wa miaka kumi na minne limefichwa. Anajua jibu lakini hanyooshi mkono. Hajui kabisa lakini anatabasamu kana kwamba anajua. Ameandika insha nzuri usiku, asubuhi anadai ameisahau nyumbani. Wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha mwaka 2005 jaribio lililogawa watu katika makundi matatu, miaka 13 hadi 16, 18 hadi 22, na 24 na kuendelea, wakawapa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Wengine walicheza peke yao, wengine wakitazamwa na rika zao. Wakiwa na rika, watu walithubutu zaidi kupita pa hatari, na jambo hilo lilikuwa na nguvu zaidi kwa wadogo kuliko kwa waliovuka miaka 24. Mwalimu wa sekondari hukutana na hali hiyo kila kipindi. Mbele yake wameketi watu arobaini, na kila mmoja ana hadhira ya watu thelathini na tisa. Kukosea mbele yao kuna gharama ambayo hakuna alama ya mtihani inayoweza kuifidia.

Kwa hiyo ufundi wa umri huu uko kwenye kupunguza gharama hiyo. Waandike kwanza, ndipo waseme. Wajibu wawili wawili, jibu liwe la jozi. Kosa kubwa lisahihishwe kwenye daftari au pembeni baada ya kengele. Mbele ya darasa lichambuliwe kosa lisilo na mwenyewe, ambalo mwalimu ameliandika ubaoni mwenyewe. Anayefaa hapa ni mtu asiyelichukulia dharau la kijana kama shambulio juu yake binafsi. Anayehitaji kupendwa waziwazi kila siku ataumia sana. Wadogo watamkumbatia, vijana watamshukuru baada ya miaka kumi, pengine. Na awe tayari kubishiwa kwa haki. Kijana ameanza kufikiri juu ya mambo yasiyokuwepo, "ingekuwaje kama", na silaha hiyo mpya ataijaribu kwanza kwa mtu aliye karibu, ambaye ni wewe.

Kuhusu saa za kazi nitasema kwa ufupi tu, maana watu hulinganisha vibaya. Mwalimu wa wadogo hawezi kuwaacha peke yao dakika tano. Uchovu wake ni wa sauti, mgongo na macho, lakini wengi wao huondoka shuleni na mkoba mwepesi. Mwalimu wa sekondari mwenye mikondo mitano ya wanafunzi 40 ana insha 200 za kusahihisha. Akitumia dakika nane kwa kila moja, hizo ni saa 26 na dakika 40 nje ya vipindi. Ukiwa mtu wa kuchoka kwa kelele, au wa kuchoka kwa makaratasi, unajijua.

Watu wazima husahaulika katika fomu hizi, kana kwamba kuwafundisha ni kibarua cha jioni cha mwalimu aliyekosa kipindi. Makosa yao yana umri mrefu. Mtu wa miaka 45 asiyejua kusoma amekwisha kujenga maisha mazima yanayoizunguka aibu hiyo: anajua nani wa kumsomea barua, anajua kusema amesahau miwani. Hakosei kwa kutojua tu. Anakosea kwa kuharakisha kukubali kwamba ameelewa. Mwelimishaji wa Brazili Paulo Freire aliliona hilo kule Angicos, nchini mwake, mwaka 1963, katika mpango uliolenga kuwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika kwa saa 40. Njia yake ilianzia kwenye maneno ya maisha ya wanafunzi wenyewe, neno kama tofali kwa anayejenga, likavunjwa silabi kwa silabi na kuzaa maneno mengine. Mtu aliyekaa kwenye benchi akijiona mjinga alikuta somo linaanzia kwenye jambo analolijua kumshinda mwalimu. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, mpango ukafungwa, Freire akatiwa ndani kisha akaenda uhamishoni. Kwa mwalimu, funzo liko kwenye pale pa kuanzia: anayefundisha watu wazima lazima awe na utulivu wa kukaa mbele ya mwanafunzi anayemzidi kwa mengi, na asijitetee.

Sasa, kwa nini watu huchagua vibaya? Mwanasosholojia Dan Lortie aliandika mwaka 1975 kwamba ualimu una uanagenzi wa aina yake: kila anayeuingia amekwisha kutazama walimu wakifanya kazi kwa maelfu ya saa, akiwa dawatini. Tatizo ni kwamba aliona upande wa mbele tu. Aliona somo, hakuona andalio lililochanwa, wala sababu ya swali kuulizwa vile. Mimi ningeongeza kwamba anakumbuka zaidi miaka ya mwisho, na ya mwanzo amekwisha kuisahau. Ndiyo maana kijana wa miaka kumi na tisa anapojaza fomu huona sekondari kwa uwazi na awali kwa ukungu. Anachagua anachokikumbuka.

Tiba yake ni nyepesi, na haihitaji bajeti. Kabla ya kuchagua, tafuta ruhusa ya kuketi nyuma ya madarasa ya umri mbili zilizo mbali, wiki moja kila moja. Usiandike mbinu za mwalimu. Andika makosa ya wanafunzi tu, kwa maneno yao wenyewe, na baada ya kila kosa andika chochote kinachokujia. Ijumaa soma kurasa zako. Kuna ukurasa utakuta umeandika kosa na kuliacha. Kuna ukurasa mwingine utakuta kila kosa limefuatwa na maswali yako, "angeulizwa hivi angesema nini?", mishale imechorwa hadi pembeni, nafasi imekwisha. Nimewapa zoezi hili walimu tarajali kadhaa. Mmoja alikuja na daftari la wiki ya sekondari lenye kurasa tatu na la awali lenye kurasa thelathini na moja, akaniambia bado anadhani ni mtu wa sekondari. Tuliyaweka madaftari hayo mawili mezani, tukanyamaza wote.

Najua wengi hawachagui, wanapangiwa. Kwa hao madai yangu yanaenda kwa wapangaji. Vyuo visimlazimishe mtu kuchagua ngazi kabla hajafanya mazoezi ya kufundisha katika umri angalau mbili. Mwalimu aliyekaa sekondari miaka minane akiomba kwenda awali, ahame na cheo chake na mshahara wake, bila kuandikiwa barua yenye neno "kushushwa". Na anayepangiwa umri asioutaka apewe mwenzake wa umri huohuo wa kukaa naye mara moja kwa wiki, kila mmoja akiwa na makosa matatu ya wanafunzi wake, wayachambue pamoja. Udadisi huambukizwa, wangu niliambukizwa katika mihula ile miwili na mwalimu wa chumba cha jirani, aliyekuwa akinigongea mlango wakati wa mapumziko na kusema, "Njoo uone huyu ameandika nini."